UZI: Walimu na wazazi wa Moshi na Arusha, tuchague tamthiliya zipi za Kiingereza kwa kidato cha tatu na cha nne?

Mwalimu wa Rau

Habari za jioni wakuu.

Nafundisha Kiingereza katika shule ya kata hapa Moshi. Nimekabidhiwa kidato cha tatu, na kabla hatujafika mbali lazima niamue tamthiliya mbili watakazotembea nazo hadi mtihani wa taifa. Nalileta hapa kwa sababu shule nyingi za huku kwetu hulipitisha haraka haraka kwenye kikao cha idara, halafu watoto ndio wanaobeba mzigo miaka miwili.

Kwa wasiofahamu: fasihi ya Kiingereza kama somo la peke yake huchukuliwa na wachache, lakini Kiingereza chenyewe ni lazima kwa kila mtahiniwa, na ndani yake kuna insha ya vitabu. Kwa hiyo hata mtoto aliyezama kwenye fizikia na kemia, siku hiyo ataulizwa habari za wahusika wa tamthiliya kama Juliette au Remi. Orodha ya vitabu huchapwa kwenye karatasi yenyewe ya mtihani, na swali kwa kawaida linataka utumie viwili. Upande wa tamthiliya, kabati letu lina nne: *Three Suitors: One Husband* ya Guillaume Oyônô-Mbia wa Kameruni, *The Lion and the Jewel* ya Wole Soyinka wa Nigeria, na mbili za Ngũgĩ wa Thiong'o wa Kenya, *The Black Hermit* na *This Time Tomorrow*.

Kigezo ninachokiona kikitumika ni kimoja: ipi ina uchambuzi unaouzwa mtaani? Yenye kijitabu cha maswali na majibu ndiyo inayofundishwa. Kitabu chenyewe kinabaki kabatini. Watoto wanakariri orodha ya dhamira na sifa za wahusika, na swali likigeuzwa kidogo tu, darasa zima linasimulia hadithi mwanzo hadi mwisho bila kujibu kilichoulizwa. Anayebisha asome taarifa za Baraza la Mitihani (NECTA) za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Ziko kwenye tovuti yao, na wanaweka mpaka sampuli za majibu mazuri na mabaya.

Mimi naamini kigezo cha kwanza kiwe kinywa. Tamthiliya imeandikwa isemwe. Kama wanafunzi wangu hawawezi kusimama, wakasemezana ukurasa mmoja na kuelewa nani anamzunguka nani, kitabu hicho si chao, hata kiwe na sifa gani. Mtoto aliyewahi kuwa Atangana, baba yake Juliette katika *Three Suitors*, mbele ya wenzake, akapokea mahari ya mtu wa pili huku ya mtu wa kwanza iko ndani, hana haja ya kukariri kwamba Atangana ana tamaa. Atalieleza kwa maneno yake, Kiingereza chake kikiwa cha kuungaunga, na msahihishaji ataona kwamba huyu kitabu amekisoma.

Kwa kigezo hicho naegemea *Three Suitors* na *The Black Hermit*. Ya kwanza inachekesha, lugha yake ni nyepesi, na habari ya mahari hakuna mtoto wa huku asiyeijua. Ya pili ni nzito zaidi, lakini inamgusa kila Mchaga: Remi, kijana wa kwanza kusoma katika kabila lake, anakimbilia mjini na hataki kurudi. Sisi ambao kila Desemba tunaona magari yakipanda Rombo, Kibosho, Machame na Marangu, tunajua asiyerudi anavyoulizwa.

Naomba hoja, hasa kwa mliofundisha zote nne.

Kijana wa Pasua

Natandika mkeka hapa. Mdogo wangu yuko kidato cha tatu.

Mkongwe wa Ngarenaro

Mwalimu wa Rau, kwenye kinywa tuko pamoja. Kwenye uchaguzi tunaachana, na nitasema kwa nini, maana nimefundisha hapa Arusha muda mrefu.

Ukiiacha *The Lion and the Jewel* umewanyima watoto tamthiliya yenye jukwaa kuliko zote nne. Ilichezwa Ibadan mwaka 1959, ikachapwa 1963, na mwandishi wake ndiye Mwafrika mweusi wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya Fasihi, mwaka 1986. Lakini sifa hizo ziweke pembeni. Tazama ilivyojengwa: asubuhi, mchana, usiku. Siku moja tu. Mtoto hapotei kwenye mtiririko wa matukio. Ndani yake kuna ngoma na maigizo bila maneno: vijana wa kijiji cha Ilujinle wanaigiza yule mpiga picha mgeni na gari lake lililokwama, halafu mwalimu Lakunle anasimulia mzee Baroka, mkuu wa kijiji, alivyomhonga mpimaji ili reli isipite kijijini. Wanafunzi wangu dhaifu kabisa wa Kiingereza ndio wanaong'ara hapo, kwa sababu mwili unatangulia na maneno yanafuata. Ukitaka kinywa, anzia kwenye miguu.

Pia uangalie jozi. Swali linataka vitabu viwili, basi chagua viwili vinavyojibizana. Lakunle hataki kulipa mahari kwa sababu anaona ni ushenzi. Juliette wa *Three Suitors* hataki kuuzwa. Wote wanapinga jambo lilelile, lakini Lakunle anapinga kwa maneno makubwa ya vitabuni na anashindwa, Juliette anapinga kwa vitendo na anashinda. Hapo una insha nzima, na mtoto hajakariri chochote. Baroka na Atangana nao uwaweke pamoja: mzee mmoja anatumia mila kwa akili, mwingine anatumiwa na tamaa yake mwenyewe. Swali la mahari, la nafasi ya mwanamke, la mila na usasa, la elimu, yote jozi hiyo inayabeba.

Remi na Lakunle nao wanakaa vizuri pamoja, sikatai. Wasomi wawili wasioweza kuishi na watu wao. Ila ukimchukua Remi na Juliette, kama unavyotaka wewe, kuna maswali ambayo kitabu kimoja kitanyamaza.

Mama wa Majengo

Shikamooni wakubwa zangu, wadogo marahaba. Mimi ni mzazi tu, si mwalimu, lakini vitabu vya binti yangu navisoma.

Hiyo ya simba na kito ilinisumbua. Mzee wa miaka 62 anajifanya nguvu za kiume zimemwishia, habari inamfikia msichana Sidi, msichana anakwenda kumcheka, na mwisho wake analala naye. Na kitabu kinaishia harusi. Binti yangu ana miaka 16. Aliniuliza, "Mama, kwa hiyo Baroka ameshinda?" Nikamwambia ndiyo, ameshinda. Akasema mwalimu amewaambia waandike kwamba dhamira ni ushindi wa mila juu ya usasa. Basi, limeishia hapo. Hakuna aliyezungumza na wale wasichana kwamba huyu mzee amemtega binti kwa hila.

Sisemi kiondolewe. Nasema kama mwalimu hana ujasiri wa kulizungumza darasani, achague kingine. Mtoto asikutane na jambo kama hilo peke yake, halafu kijitabu kikamwambia ni ushindi.

Mkongwe wa Ngarenaro

Mama, umenena. Ndiyo maana mimi huigawa ile sehemu ya usiku kwa upande wa Sadiku. Huyu ni mke mkubwa wa Baroka, ameshangilia kwa ngoma akidhani mzee amekwisha, kumbe yeye ndiye chambo. Wasichana wakimsoma Sadiku kwa sauti, wanaona wenyewe namna wanawake wawili walivyozungukwa. Na mimi husema wazi darasani: si lazima ukubaliane na mwisho wa kitabu. Insha inayobishana na kitabu huku ikitoa ushahidi wa ndani ya kitabu ni insha nzuri.

Mwalimu wa Rau

Mama wa Majengo, shikamoo. Hoja yako ndiyo iliyonifanya nisite na kitabu hicho tangu mwanzo. Darasa langu ni la wavulana na wasichana mchanganyiko, wamebanana watatu dawati moja, na najua vicheko vitakavyotoka pale. Ninaweza kulisimamia, lakini sitaki mwaka wangu wa kwanza na darasa hili uanzie hapo.

Mkongwe, hoja ya jozi nimeipokea. Ila jaribu kuniambia Soyinka kwa mtoto aliyetoka shule ya msingi ya Kiswahili mtupu anaingiaje. Yale majigambo ya Lakunle, mstari juu ya mstari wa maneno ya kamusi, mwanafunzi anadhani ndicho Kiingereza kizuri cha kuigwa. Nimewaona wakiyanakili kwenye insha zao za kawaida.

Mkongwe wa Ngarenaro

Hapo ndipo mwalimu anapohitajika. Mpe Lakunle mwanafunzi anayejua kujidai, msomaji wa Sidi amkatishe kila mara. Wakicheka, wameelewa.

Kijana wa Pasua

Mimi nimemaliza kidato cha nne miaka kadhaa iliyopita, sasa niko gereji, lakini *Three Suitors* naikumbuka mpaka leo. Ndi ametoa faranga laki moja. Mbia mtumishi wa serikali akaja akatoa laki mbili. Baba yake Juliette akapokea zote. Juliette na binamu yake Kouma wakaziiba, wakampa Oko, yule mwanafunzi asiye na kitu, naye akarudi kijijini amejivika ukubwa, akazitoa zilezile laki tatu kuwa mahari. Wazee wanalipwa kwa hela yao wenyewe! Mganga Sanga-Titi kaja kutafuta mwizi, kakosa.

Hesabu hiyo niliielewa siku ya kwanza tu, na Kiingereza changu kilikuwa hafifu. Mwalimu wetu aliturudishia swali moja: huyo mganga anajua kitu gani? Tulibishana mpaka kengele. Kwa hiyo mimi kura yangu iko kwa hicho.

Mwalimu wa Kiswahili, Usa River

Naingia kwa mlango wa pembeni. Nyinyi mnachagua kama vile wanafunzi hawana vitabu vingine. Watoto haohao wanasoma tamthiliya za Kiswahili kwangu. Wengi wana *Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe* ya Edwin Semzaba, *Orodha* au *Kilio Chetu*. Ni kichwa hichohicho kinachobeba zote.

Ushauri wangu: mwalimu wa Kiingereza na wa Kiswahili wakae pamoja kabla ya kuchagua. Ngoswe ni karani wa sensa anayeingia kijijini kwa kazi ya serikali, akamwona binti, kazi ikaharibika. Mbia wa Oyônô-Mbia naye ni mtumishi wa serikali anayeingia kijijini na cheo chake, kila mtu anajipendekeza. Mwanafunzi aliyemwelewa Ngoswe kwa Kiswahili tayari amemwelewa Mbia nusu nzima. Linalobaki ni kumpa maneno ya Kiingereza ya kusema anachokijua. Hiyo ni njia fupi mno, na sioni shule inayoitumia.

Hatari yake nayo niiseme. Nimewahi kuona insha ya Kiingereza ambayo mwanafunzi amemweka Mitomingi wa *Ngoswe* ndani ya Mvoutessi, kijiji cha *Three Suitors*. Kwa hiyo kaeni mchore ubao pamoja: kijiji hiki, watu hawa, nchi hii. Mpakani pawe wazi.

Unga Ltd Damu

Mbona *This Time Tomorrow* mnairuka wote? Kwa sababu ni fupi? Mimi naona ufupi ndio uzuri wake. Iliandikwa kwa ajili ya redio, kwa hiyo yote iko kwenye sauti, mwalimu wa kinywa hapo ungefurahi.

Njango anauza supu kwenye kibanda, Nairobi baada ya uhuru. Binti yake Wanjiro anatamani maisha mengine, Asinjo dereva wa teksi anamwita waondoke. Asubuhi hiyo amri imeshatoka: mabanda yanavunjwa, jiji lisafishwe. Kesho saa kama hii hapatakuwa na kitu. Sisi tuliokulia Unga Limited tusielewe hilo? Waliokuwa na meza zao barabarani mwaka 2021 wamachinga walipohamishwa, watoto wao wako kidato cha tatu na cha nne sasa. Mpe mtoto wa mama lishe amsome Njango kwa sauti, utaona kama atahitaji kijitabu.

Mwalimu wa Rau

Ndugu, hujakosea. Nasita kwa sababu mbili tu. Nakala zake ni adimu kuliko zote, sisi tunazo chache na moja haina kurasa za mwisho. Pili, ukiiweka na *The Black Hermit*, mwandishi ni mmoja na hasira ni moja: uhuru umekuja, mwananchi wa chini hajaonja. Swali likitaka tofauti za mtazamo au za mbinu, mtoto atabanwa. Lakini ukiiweka na *Three Suitors*, mji na kijiji, kilio na kicheko, hiyo jozi sikuwa nimeifikiria kabla ya leo. Naiandika pembeni.

Mzee wa Old Moshi

Wajukuu zangu, nilifundisha Kiingereza hadi nikastaafu. Nawaongezea jambo moja la zamani, maana naona mnazungumza kana kwamba orodha hii ilianguka kutoka mbinguni.

Mitihani yetu ilikuwa ikitoka Cambridge, baadaye ikawa chini ya baraza la Afrika Mashariki. Tanzania ilijitoa kwenye baraza hilo mwaka 1971, na sheria ya kuunda NECTA ikapitishwa 1973. Kabla ya hapo tamthiliya kwa mwanafunzi wa sekondari ilikuwa Shakespeare. Nilimsoma, nikampenda, na hata Mwalimu Nyerere aliona anafaa kutafsiriwa kwa Kiswahili akiwa Rais, ndiyo maana tuna *Juliasi Kaizari* na *Mabepari wa Venisi*. Lakini mwanafunzi wa mlimani alikuwa anatumia nusu ya mwaka kujua tu watu hao wanaongea nini.

Hizi nne mlizo nazo zimeandikwa na Waafrika waliokuwa vijana. *The Black Hermit* ilichezwa Kampala Novemba 1962, kwenye sherehe za uhuru wa Uganda, na Ngũgĩ alikuwa bado mwanafunzi wa Makerere. Oyônô-Mbia naye aliandika habari ya Mvoutessi, kijiji alichozaliwa. Waambieni watoto hivyo. Kijana wa miaka 17 akijua kwamba mwandishi alikuwa kijana, na kijiji kwenye kitabu ni kijiji chake kweli, anakisoma kwa jicho lingine. Tangu Ngũgĩ afariki Mei 2025 wajukuu wangu wenyewe wameanza kuniuliza habari zake. Tumieni nafasi hiyo.

Kuhusu *The Black Hermit* niseme la kitaaluma. Ina sehemu tatu: kijijini, mjini, kijijini tena. Walimu wengi hukazania ukabila na siasa, wakamsahau Thoni. Mume wa Thoni amekufa, wazee wanataka Remi amrithi mjane wa kaka yake. Remi alimpenda Thoni kabla, lakini anaamini kwamba Thoni hampendi. Anakimbia. Anaporudi anasimama mbele ya watu kukemea kabila, dini na mila, na anamkataa hadharani. Thoni anajiua, anaacha barua, na barua inaonyesha kwamba alimpenda siku zote. Remi alikuwa na hoja sahihi karibu zote na bado amemuua mtu. Hapo ndipo tamthiliya ilipo. Mwanafunzi akilishika hilo, swali lolote la Remi analijibu.

Mama wa Majengo

Shikamoo Mzee. Kurithi mjane huku kwetu bibi yangu alilipitia. Hicho kitabu nakitafuta nikisome.

Neema F3

Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi, Arusha. Naomba kuuliza, naruhusiwa kutumia tamthiliya moja na riwaya moja? Shuleni tumesoma *Three Suitors* tu, nyingine ni riwaya.

Mkongwe wa Ngarenaro

Marahaba Neema. Inategemea swali lenyewe. Likisema tumia tamthiliya mbili, riwaya haitakuokoa hata uandike vizuri vipi. Likisema vitabu viwili kutoka kwenye orodha, changanya bila wasiwasi. Kwa hiyo soma maelekezo kabla ya kitu kingine chochote. Na kwa hali yako, jiongezee tamthiliya ya pili mwenyewe likizo hii. *This Time Tomorrow* ni fupi, utaimaliza kwa siku moja. Tafuta mwenzako mmoja mgawane sauti.

Muuza Vitabu, Kilombero

Kwa mnaotafuta nakala: za mtumba zinapita kwangu, hasa Soyinka na *The Black Hermit*. Wakati mzuri ni Desemba na Januari, waliomaliza wanapouza vyao. Mkisubiri hadi Machi zinakuwa zimeisha. Kagueni kurasa za mwisho kabla ya kulipa, nyingi hukatika nyuma.

Mwalimu wa Rau

Nimerudi wakuu. Leo nimewasomesha ukurasa wa *Three Suitors*, pale wazee wanapomwambia Juliette ameshapatiwa mume na yeye anauliza kama anauzwa. Sikueleza chochote kabla. Niligawa sauti, wengine wakawa wanakijiji.

Aliyemsoma babu Abessolo ni kijana ambaye tangu darasa lianze sijawahi kumsikia akisema sentensi ya Kiingereza. Amesoma kwa sauti nzito ya babu yake wa Kirua, darasa likalipuka. Baada ya hapo nikauliza: Juliette na Kouma walipochukua zile fedha, waliiba? Msichana mmoja akasema kwa Kiingereza kilichovunjika lakini kinachoeleweka kwamba fedha ilikuwa bei yake yeye, kwa hiyo alichukua kilicho chake. Mvulana wa nyuma akamjibu kwamba ilikuwa ya Ndi na Mbia, na Ndi ni mkulima, jasho lake amelipwa na nani? Nilikaa kimya. Mabishano yakaendelea mpaka mwalimu wa hesabu akagonga mlango.

Hivyo *Three Suitors* imepita. Ya pili nimebadilisha mpango. Naanza na sehemu ya kwanza ya *The Black Hermit* kwa majuma mawili, na nitawasomea "asubuhi" ya *The Lion and the Jewel* kwa majuma mawili mengine, halafu niwape darasa zima wasimame wasome. Watakayoiweza midomoni ndiyo watakayokwenda nayo. Mkongwe, kama unaweza kunielekeza ulivyoigawa ile sehemu ya Sadiku, naomba uniandikie kwa ujumbe wa pembeni.

Unga Ltd Damu

Na *This Time Tomorrow*?

Mwalimu wa Rau

Nitawapa kikundi cha mjadala wakaisome wenyewe Jumamosi, kwa zile nakala chache. Ile isiyo na mwisho nimewapa wajaribu kuumalizia wao kabla hawajauona wa Ngũgĩ.

Mkongwe wa Ngarenaro

Nimekutumia. Mgawie Sadiku yule aliyesema fedha ni bei yake.